Muyaka hakuwa na ubao wa matangazo

Nimekulia Maretadu: nyumbani Kiiraqw, Kiswahili ni cha darasani. Kwa hiyo sekondari Muyaka bin Haji alinitesa kweli. Siku hizi namsoma kivingine.

Alikuwa mtu wa Mombasa. Seyyid Said wa Oman alipoutaka mji huo, kule Ulaya watu walishazoea kuchapa vijitabu vya kuwasema wafalme. Muyaka hakuwa na mtambo. Alitunga shairi, watu wakalishika kichwani, likatembea. Utalichanaje?

Ila jamani tusimpambe sana. Alimkejeli Sultani akiwa rafiki wa Mazrui, nao walikuwa watawala vilevile. Mwaka 1837 Mazrui wakaanguka, wakubwa wao wakakamatwa na kusafirishwa mbali. Muyaka alifariki mnamo 1840, mji ukiwa mikononi mwa yule yule aliyemcheka.

Beti zikabaki midomoni mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua akasaidia kuziandika. Kitabu kikatoka 1940, miaka mia baadaye.

Muhula huu na mimi nilibandika karatasi yangu ubaoni. Ilichanwa kabla ya chai ya saa nne. Nakala sikuweka, na maneno yenyewe nimeshayasahau nusu.