Alfred Binet na Mtoto Asiyetulia

Kila mwalimu amepata kumfundisha mtoto asiyetulia. Kalamu imo mkononi, macho yako dirishani. Amepewa hesabu tano, ya pili anaiacha njiani. Huitwa mtundu, kisha mjinga, na jina hilo humfuata hadi amalizapo shule. Twawasimulia walimu wenzetu maisha ya Alfred Binet kwa sababu alilipinga jina la namna hiyo.

Binet alizaliwa mwaka 1857 huko Nice, mji ambao leo uko Ufaransa. Alisomea sheria, akaiacha, kisha akajifunza saikolojia kwa kujisomea vitabu maktabani mjini Paris. Baadaye aliwachunguza binti zake wawili nyumbani. Madeleine alikuwa mtulivu, mwenye kukaza nia katika jambo moja. Alice alikuwa mchangamfu, mwenye kurukia hili na lile. Baba yao alitambua kuwa akili za watoto hazipiti njia moja.

Mwaka 1904 aliteuliwa katika tume ya serikali iliyowashughulikia watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka 1905 yeye na daktari Théodore Simon walitoa kipimo cha akili kilichompa sifa duniani. Kwake yeye, kipimo hicho kilikuwa cha kumtambua mtoto ahitajiye msaada, wala hakikuwa hukumu. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliikemea imani kwamba akili ya mtu haiongezeki. Alieleza pia mazoezi ya madarasa maalumu: watoto kutulia kama sanamu mwalimu atoapo ishara, kubeba chombo kilichojaa maji pasipo kumwaga, kutazama vitu kwa nukta chache, kisha kuvitaja. Nia yake ilikuwa mtoto ajifunze kwanza namna ya kujifunza.

Binet alifariki mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 54. Baada yake, hasa Marekani, wapo waliokigeuza kipimo chake kuwa muhuri wa kudumu.

Leo wataalamu wanaitambua hali ya upungufu wa umakini pamoja na utundu uliopita kiasi, ambayo zama za Binet haikuwa na jina hilo. Utafiti unatutahadharisha kwamba mazoezi ya akili humfanya mtoto awe hodari katika mazoezi yenyewe, lakini faida hiyo haivuki kwa urahisi hadi kwenye masomo na tabia. Kwa hiyo mazoezi hayo yasitumiwe peke yake. Yafuatane na maagizo mafupi, kazi iliyogawanywa, nafasi ya mbele darasani, mashauriano na wazazi, na uchunguzi wa daktari inapobidi.

Hata Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, katika darasa lililojaa, kopo la maji na dakika tano za utulivu hazihitaji fedha. Lililo gumu zaidi ni kuizuia kalamu yetu isiandike kwamba mtoto hawezi, kabla hatujamfundisha namna ya kuweza.