Nabongo Mumia: Mfalme aliyewafungulia Waingereza mlango

WENGI husafiri hadi Misri kutazama piramidi, au Kasubi nchini Uganda kuzuru makaburi ya makabaka. Kaunti ya Kakamega nayo ina Matungu, walikozikwa wafalme wa Wanga, akiwemo Nabongo Mumia.

Mumia, mwana wa Nabongo Shiundu, alirithi kiti mwaka wa 1882. Wakati huo misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa ikipiga kambi katika makao yake, Elureko, ikisaka pembe za ndovu. Joseph Thomson alifika huko mwaka wa 1883, naye Askofu James Hannington akapita mwaka wa 1885 kabla ya kuuawa Busoga.

Mwaka wa 1894 Waingereza walifungua kituo hapo. Mumia aliwaunga mkono, kwani aliziona bunduki zao kuwa ngao dhidi ya mahasimu wake. Mwaka wa 1909 walimfanya Chifu Mkuu, na jamaa zake wakatumwa kutawala hata watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya Wanga. Jambo hilo lilizua uhasama mkubwa.

Hata hivyo, fadhila hizo hazikudumu. Mwaka wa 1920 makao ya utawala yalihamishiwa Kakamega, na mwaka wa 1926 Mumia akastaafishwa. Alifariki mwaka wa 1949, akiwa mkongwe.

Wapo wanaomlaumu kwa kuwasaidia wakoloni. Wengine humsifu kwa kuwaepusha watu wake na maangamizi yaliyowafika Wabukusu mwaka wa 1895. Mji wa Mumias ungali unaitwa kwa jina lake.