Antoine Lavoisier na Mizani Yake

Mwanafunzi, bila shaka umekwisha kuona jambo hili nyumbani kwenu. Jembe limesahauliwa shambani, katikati ya migomba, wakati wa mvua za masika. Baada ya siku chache linaokotwa likiwa limefunikwa na unga mwekundu. Unga huo ni kutu. Haung'ai kama chuma, wala hauna ugumu wa chuma. Ukiukwangua kwa ukucha, unatoka. Je, unga huo umetoka wapi?

Tena, tazama katikati ya mafiga asubuhi. Jana jioni ziliwekwa kuni nzito, ambazo dada yako alizibeba kwa taabu kutoka porini. Leo yamebaki majivu ya kujaza viganja viwili. Je, kuni zimekwenda wapi?

Maswali haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini jibu lake ni moja. Aliyelieleza jibu hilo vizuri ni Mfaransa aitwaye Antoine Lavoisier. Soma maisha yake kwa makini. Mwishoni utaona kwamba maarifa yake yanaeleza pia kazi iliyofanywa na wahunzi wa zamani wa Biharamulo.

Utoto na masomo yake

Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Mama yake alifariki Antoine akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa na baba yake na shangazi. Baba yake alikuwa mwanasheria, akataka mwanawe afuate kazi hiyo. Kijana alitii, akasoma sheria na kufaulu. Lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Mwaka 1768, akiwa na umri wa miaka 24, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, yaani baraza la wataalamu wakubwa wa nchi hiyo.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze. Mama huyu alijifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe vitabu vya wataalamu wa Uingereza. Pia alichora picha za vyombo vya majaribio na kuandika matokeo. Kwa hiyo, unaposoma juu ya kazi ya Lavoisier, kumbuka kwamba walikuwa watu wawili kazini.

Maji yaliyochemshwa kwa siku 101

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba maji yakichemshwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa udongo, kwa sababu waliona vumbi limebaki katika chombo. Lavoisier hakukubali wala hakukataa. Alichukua mizani. Alipima chombo cha kioo, akapima maji, akakiziba chombo, kisha akayachemsha maji hayo kwa siku 101. Mvuke ulipanda, ukapoa, ukarudi kuwa maji.

Mwishoni alipima tena. Uzito wa vyote kwa pamoja haukubadilika. Kioo kilikuwa kimepungua uzito kidogo, na vumbi lilitoka katika kioo hicho. Maji yalikuwa maji yale yale.

Hapa tunajifunza kwamba maji yanapogeuka kuwa mvuke, hakuna kitu kipya kinachotokea. Badiliko la namna hii huitwa badiliko la kiumbo. Ukifika kwenye maporomoko ya Rusumo katika Wilaya ya Ngara, utaona maji ya Mto Kagera yakirusha manyunyu hewani mfano wa moshi. Manyunyu hayo ni maji tu. Yakikulowesha, utajua mwenyewe.

Kuungua si kupotea

Kuhusu moto, wataalamu wa zamani walifundisha kwamba kila kitu kinachoungua kina kitu fulani ndani yake, ambacho hutoka wakati wa kuungua. Fundisho hilo lilionekana kuwa kweli, maana kuni zinapoungua hubaki majivu mepesi.

Mwaka 1772 Lavoisier aliunguza kiberiti, yaani madini ya manjano, na vitu vingine. Aliona kwamba baada ya kuungua, uzito ulikuwa umeongezeka. Je, kitu kinawezaje kuongezeka uzito ikiwa kimetokwa na kitu? Lazima kilikuwa kimepokea kitu kutoka nje. Alipochoma bati ndani ya chombo kilichozibwa kabisa, uzito wa chombo chote pamoja na vilivyomo haukubadilika. Basi kitu kilichopokelewa kilikuwa katika hewa iliyokuwamo chomboni.

Lakini ni kitu gani hicho? Mwaka 1774 mtaalamu Mwingereza, Joseph Priestley, alipata hewa ya pekee iliyofanya mshumaa uwake kwa nguvu sana. Msweden mmoja aliyeitwa Scheele aliipata pia. Hata hivyo, wote wawili hawakuielewa maana yake. Lavoisier alipopata habari za Priestley, alifanya jaribio kubwa. Alipasha zebaki moto kwa siku 12, ndani ya chombo chenye hewa iliyofungiwa. Unga mwekundu ulitokea juu ya zebaki, na kiasi cha hewa kikapungua. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa. Kisha alichukua unga ule mwekundu, akaupasha moto mkali zaidi. Ukatoa hewa kiasi kile kile kilichopungua, na zebaki ikarudi kuwa zebaki. Hewa hiyo aliipa jina la oksijeni.

Angalia: usijaribu kamwe jaribio hili. Zebaki ni metali ya majimaji ambayo baadhi ya wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu. Mvuke wake ni sumu, nayo huharibu ubongo na figo. Ukiiona, usiishike, na umwambie mtu mzima.

Sasa unaweza kujibu swali la kuni. Sehemu kubwa ya kuni ni kaboni. Kaboni inapoungua huungana na oksijeni ya hewani, zikawa hewa ya ukaa, ambayo huwezi kuiona. Kuni hutoa pia mvuke wa maji. Vitu hivi vyote hupaa pamoja na moshi. Kama ungeweza kuvikusanya vyote, ukavipima pamoja na majivu, ungepata uzito wa kuni ukiongeza uzito wa oksijeni iliyotumika. Badiliko linaloleta kitu kipya namna hii huitwa badiliko la kikemikali. Katika badiliko hilo vitu huachana na kuungana upya, lakini uzito wote haupungui wala hauzidi. Hilo ndilo fundisho kuu la Lavoisier.

Moto ndani ya mwili

Lavoisier alitambua pia kwamba kupumua ni mfano wa kuungua polepole. Alishirikiana na mwenzake Laplace kupima joto linalotolewa na simbilisi. Baadaye, pamoja na kijana aitwaye Seguin, alipima pumzi ya binadamu. Waliona kwamba mtu anayefanya kazi hutumia oksijeni nyingi kuliko mtu aliyepumzika. Unapopanda kilima cha Ngara kwenda shule, unahema kwa haraka na mwili unapata joto. Chakula ulichokula kinaungana na oksijeni ndani ya mwili wako, ingawa hakuna mwali wa moto.

Mwaka 1789 alitoa kitabu cha kemia kilichoorodhesha vitu 33 alivyodhani kuwa haviwezi kugawanywa zaidi. Baadhi yake vilionekana baadaye kuwa si hivyo, maana hata mtaalamu mkubwa huweza kukosea. Vilevile alisaidia kuweka vipimo vipya vya nchi yake, ikiwamo kilogramu, ambayo leo hutumika kupimia maharage katika soko la Biharamulo.

Mwisho wa maisha yake

Lavoisier alikuwa tajiri. Sehemu kubwa ya mali yake ilitokana na kampuni iliyokusanya kodi kwa niaba ya mfalme. Fedha hizo zilimwezesha kununua vyombo vya majaribio, lakini wananchi maskini waliichukia sana kampuni hiyo. Mwaka 1789 mapinduzi yalitokea Ufaransa. Mwaka 1793 Lavoisier na wenzake wa kampuni walikamatwa. Tarehe 8 Mei 1794 walihukumiwa, na siku ile ile alikatwa kichwa pamoja na wenzake 27, akiwemo baba mkwe wake. Alikuwa na umri wa miaka 50. Mwaka uliofuata serikali ilikiri kwamba hakustahili hukumu hiyo. Mjane wake alikusanya maandishi yake na kuyachapisha, ili maarifa yale yasipotee.

Warongo wa Biharamulo

Zamani sana kabla Lavoisier hajazaliwa, watu wa Kagera walikuwa wakitumia mabadiliko ya kikemikali. Katika nchi ya Wazinza, upande wa Biharamulo na Geita, wahunzi walioitwa Warongo walitoa chuma katika mawe. Majembe ya Uzinza yalifika hata Usukuma na Unyamwezi.

Katika mawe yale, chuma kimeungana na oksijeni. Wahunzi waliyatia mawe pamoja na mkaa katika tanuri, wakavukuta kwa mivukuto. Mkaa ukawaka kwa joto kali, na hewa iliyotokana nao ikachukua oksijeni ya mawe. Kilichobaki ni bonge la chuma, likafuliwa kwa nyundo hadi likawa jembe. Warongo hawakuijua oksijeni kwa jina, lakini walijua kazi ya kuiondoa.

Sasa lirudie jembe lako lililoachwa mvuani. Mhunzi aliiondoa oksijeni. Maji na hewa vimeirudisha. Kutu ni chuma kilichoungana tena na oksijeni na maji. Kwa hiyo, kila utokapo shambani, lisafishe jembe, likaushe, ulipake mafuta, na uliweke mahali pakavu. Usipofanya hivyo, jembe litarudi kidogo kidogo katika hali ya jiwe lilikotoka.

Jaribio

Chukua misumari mitatu inayong'aa na chupa tatu safi.
1. Katika chupa ya kwanza tia msumari mkavu, kisha uizibe vizuri.
2. Katika chupa ya pili tia msumari na maji yanayofunika nusu yake. Usiizibe.
3. Katika chupa ya tatu tia msumari. Mwombe mwalimu atie maji yaliyochemshwa na kupoa kidogo, hadi yaufunike msumari wote, kisha amimine mafuta ya kula juu yake ili hewa isiingie.

Tazama chupa hizo kila siku kwa muda wa juma moja. Andika unayoyaona katika daftari lako.

Maswali

1. Ni msumari upi ulioshika kutu zaidi? Kwa nini?
2. Taja tofauti kati ya badiliko la kiumbo na badiliko la kikemikali.
3. Yapi kati ya haya ni mabadiliko ya kikemikali: kukata kuni, kuchoma mkaa, kuyeyusha samli, jembe kushika kutu?
4. Kwa nini Lavoisier alipima vitu kabla na baada ya kila jaribio?
5. Rafiki yako anasema kwamba kuni zikiungua hupotea kabisa. Utamweleza nini?