James B. Lansing: Fundi aliyeacha jina lake kwenye bafle za JBL

Herufi tatu JBL zinajulikana na vijana wengi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi. Wanaziona kwenye bafle ndogo za kubeba mkononi, kwenye bafle kubwa za sherehe, na kwenye subwoofer zinazowekwa pembeni ya televisheni. Wachache wanajua kwamba herufi hizo ni jina la mtu. Aliitwa James Bullough Lansing, raia wa Marekani, aliyeaga dunia mwaka wa 1949 akiwa na miaka 47 tu, wakati kampuni yake imelemewa na madeni.

Hakuona subwoofer jinsi tunavyoiuza na kuinunua leo. Hata hivyo, kazi anayoifanya mtu nyumbani anapotafuta besi ipatane na sauti zingine za filamu, Lansing na wenzake waliifanya katika majumba ya sinema tangu miaka ya 1930.

Mtoto wa familia ya watoto kumi na wanne

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1902 katika jimbo la Illinois, kwa jina la James Martini. Alikuwa mtoto wa tisa kati ya watoto kumi na wanne. Baba yake alifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na familia ilihama mara kwa mara kwa kufuata kazi hiyo. Kwa muda fulani kijana James aliishi katika familia nyingine iliyoitwa Bullough. Hakuwasahau: baadaye alilichukua jina lao na kulifanya lake.

Hakusoma chuo kikuu cha ufundi. Alijifunza kwa mikono. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka kama kumi alitengeneza chombo cha kutunza umeme ili kuwachezea wenzake, na kwamba miaka miwili baadaye alijenga mtambo wa redio ambao mawimbi yake yalivuruga kituo cha jeshi la majini, hadi akaamriwa kuuzima. Alipokuwa kijana alitengeneza magari. Mama yake alipofariki mwaka wa 1924, aliondoka nyumbani na kuelekea magharibi, katika mji wa Salt Lake City, ambako alipata kazi katika kituo cha redio. Huko alimpata mke, Glenna Peterson, na rafiki wa biashara, Ken Decker.

Lansing na Decker wakahamia Los Angeles, na mwaka wa 1927 wakaanzisha kampuni ya kutengeneza spika za redio, Lansing Manufacturing Company. Ni wakati huo James Martini alibadilisha jina rasmi na kuwa James Bullough Lansing. Kazi ziligawanyika vizuri: Lansing alishika vyuma, sumaku na nyaya, Decker akashika pesa na vitabu vya hesabu.

Tatizo la sinema yenye sauti

Mwaka huohuo wa 1927 filamu zilianza kusema. Majumba ya sinema yalihitaji spika zenye nguvu ya kujaza ukumbi wa watu mamia. Spika moja haikuweza kubeba yote. Sauti nzito, kama ngurumo au ngoma kubwa, inahitaji spika pana inayosukuma hewa nyingi. Sauti nyembamba, kama filimbi au herufi za mwisho wa maneno, inahitaji kiwambo chepesi kinachotikisika haraka. Njia ilikuwa kugawa kazi: spika moja kwa besi, nyingine kwa sauti za juu, na kati yao kifaa cha kugawa sauti, yaani krosova.

Kugawa huko kulileta shida mpya. Katika mitambo ya awali, sauti nzito ilipita ndani ya pembe ndefu kuliko pembe ya sauti nyembamba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kila mita moja ya ziada huichelewesha karibu milisekunde tatu. Kwa muziki wa polepole, watu hawakutambua. Lakini mchezaji alipogonga sakafu kwa viatu vyenye chuma, kama ilivyopendwa katika filamu za wakati ule, pigo moja lilisikika kama mawili: sauti nyembamba ilifika kwanza, nzito ikafuata.

Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti ya kampuni ya filamu MGM, hakuridhika na mitambo iliyokuwa sokoni. Aliamua idara yake ijenge wa kwake. Mhandisi John Hilliard aliongoza kazi, na kampuni ndogo ya Lansing ikaitwa kutengeneza spika zenyewe. Walikunja pembe ya besi ili iwe fupi, wakapanga spika zote mbili ili sauti zao ziondoke karibu kwa pamoja. Lansing alitengeneza spika za besi za inchi 15, na spika ya sauti za juu yenye kiwambo cha alumini.

Mtambo huo ulijulikana kwa jina la Shearer. Katika tuzo za mwaka wa 1936, Academy ya Hollywood ilimtuza Shearer na idara ya sauti ya MGM kwa kazi hiyo. Jina la Lansing halikutajwa kwenye tuzo, ingawa vyuma vilitoka kwenye karakana yake.

Kilichobaki hadi subwoofer ya nyumbani

Kanuni waliyoifuata ndiyo ileile inayosumbua watu wanaofunga sinema ya nyumbani leo. Subwoofer huunganishwa kwa waya mmoja kutoka tundu la ampli lililoandikwa SUB OUT au LFE. Baada ya hapo ampli ndiyo inayogawa sauti, mara nyingi kwenye Hertz 80: zilizo chini yake zinakwenda kwenye subwoofer, zilizo juu zinabaki kwa bafle zingine. Kwa hiyo kitufe cha kukata sauti kilicho kwenye subwoofer yenyewe hupandishwa hadi mwisho, ili sauti isikatwe mara mbili.

Kisha inakuja hesabu ya Hilliard na Lansing: je, sauti zinafika pamoja? Ampli nyingi huomba umbali kati ya kila bafle na kiti cha msikilizaji, na hutumia namba hiyo kuchelewesha bafle iliyo karibu. Nyuma ya subwoofer kuna swichi ya feizi, 0 na 180. Muziki wenye besi unapopigwa, mtu mmoja huketi kitini na mwingine hugeuza swichi. Upande ambao besi inasikika imejaa zaidi ndio sahihi. Upande mwingine, subwoofer inavuta hewa wakati bafle za mbele zinaisukuma, na sauti zinafutana.

Mahali pa kuiweka nako kuna maana. Kwenye kona ya chumba, kuta huongeza nguvu ya besi, lakini mara nyingi inakuwa nzito kupita kiasi na kuvuma. Mafundi wana njia rahisi: wanaiweka subwoofer kwa muda kwenye kiti cha msikilizaji, wanapiga muziki, kisha wanatembea kando ya kuta wakiinama. Pale besi inaposikika safi, ndipo wanapoihamishia. Mwisho kabisa ndipo wanapandisha sauti yake, kidogokidogo, hadi isitambulike inatoka wapi.

Kupoteza kampuni, kupoteza jina

Mwaka wa 1939 Ken Decker alifariki katika ajali ya ndege. Lansing alibaki na karakana nzuri bila mtu wa kulinda hesabu. Desemba 1941 kampuni iliuzwa kwa Altec, na ikaundwa Altec Lansing. Yeye akawa makamu wa rais anayeshughulikia ufundi. Katika miaka hiyo zilitoka spika zilizoenea katika studio na majumba ya sinema, ikiwemo mitambo mikubwa iliyoitwa Voice of the Theatre.

Mwaka wa 1946 aliondoka na kuanza upya kwa kampuni yake mwenyewe. Hapo akagundua kwamba katika mauzo yale, jina lake nalo lilikuwa limekwenda. Altec ilipinga asitumie neno Lansing peke yake, na wakakubaliana kampuni mpya iitwe James B. Lansing Sound.

Kiufundi, ndiyo miaka yake bora. Alitengeneza spika ya inchi 15 iitwayo D130, yenye koili ya inchi 4 iliyosukwa kwa waya bapa. Koili pana hupoa haraka na huhimili nguvu nyingi, na spika hiyo ilitoa sauti kubwa hata kwa ampli ndogo. Baadaye ilitumiwa hata katika ampli za gitaa za Fender.

Lakini spika nzuri hazikulipa madeni. Lansing hakupenda kupunguza ubora ili kushusha bei, na hakuwa mtu wa hesabu. Waliomdai waliongezeka, na msaada wa kampuni ya ndege iliyokuwa imewekeza kwake ulikatika. Septemba 1949, nyumbani kwake huko San Marcos, California, alijitoa uhai.

Aliacha mke, watoto, na bima ya maisha ya dola 10,000 ambayo mnufaika wake alikuwa kampuni. Pesa hiyo ndiyo iliyoiwezesha kampuni kuendelea chini ya William Thomas, aliyekuwa mtunza fedha. Thomas alikuwa na kile ambacho Lansing alikikosa tangu kifo cha Decker: uwezo wa kuuza. Mwaka wa 1969 kampuni ilinunuliwa na Sidney Harman, na mwaka wa 2017 Samsung ya Korea Kusini ikalinunua kundi zima la Harman.

Ugomvi na Altec juu ya jina Lansing haukuisha na kifo chake. Katikati ya miaka ya 1950, ili kuumaliza, kampuni ilianza kujitangaza kwa herufi tatu tu. J ndiyo aliyopewa na wazazi wake. B ilitoka kwa familia iliyomtunza utotoni. L ni jina alilojichagulia alipoanza biashara, ambalo hakuruhusiwa kulitumia peke yake.