Dkt. Richard Hindorf na Mkonge

Sisi wa Makorora twaujua mkonge, lakini je, twamjua aliyeuleta? Ni Dkt. Hindorf, bwana shamba Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1863. Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika Tanga ingali hai ilikuwa 62 tu. Hakukata tamaa, akaipanda Kikogwe, Pangani, nayo ikazaa mashamba mengi. Alifariki mwaka 1954.

Wakati wake singa tu ndiyo iliyotakiwa, kama sehemu 4 katika 100 za jani, mengine yalitupwa. Miaka ya 2000, huko Hale, mabaki hayo yalianza kuvundikwa tangini. Vijidudu huyageuza kuwa gesi ya kuendeshea umeme, ikitoka pamoja na hewa ya ukaa. Vijana, tusidharau kidogo, wala kilichotupwa.