Anna Pavlova: Binti wa dobi aliyekataliwa kwa udhaifu, akaipeleka baleti dunia nzima

Ukimtazama akiwa mtoto, usingemdhania. Alizaliwa njiti, akakua kimbaumbau na mgonjwa mgonjwa. Lakini huyu ndiye aliyekuja kuwa mcheza baleti maarufu kuliko wote wa zama zake.

Anna Pavlova alizaliwa Februari 12, 1881 jijini St. Petersburg, Urusi. Mama yake alikuwa dobi, akifua nguo za watu ili mkono uende kinywani. Kuhusu baba yake mzazi, wanahistoria wanabishana hadi leo.

Akiwa na miaka minane, mama yake alijibana akampeleka kwenye ukumbi wa Mariinsky kutazama baleti ya "The Sleeping Beauty". Hapo hapo mtoto akaamua: siku moja na yeye atacheza pale.

Alikataliwa, akarudi tena

Alipopelekwa shule ya baleti ya kifalme, alikataliwa. Alikuwa mdogo mno na alionekana dhaifu. Hakukata tamaa. Mwaka 1891, akiwa na miaka 10, akapokelewa.

Huko nako haikuwa rahisi. Wakati ule mcheza baleti aliyesifiwa ni yule mwenye mwili mfupi, imara, anayezunguka kama pia. Anna alikuwa mrefu na mwembamba, wenzake wakampachika jina la ufagio. Akajitahidi kuwaiga wenye nguvu, hadi mwalimu wake, Pavel Gerdt, alipomshauri aachane na mbinu hizo, kwa kuwa wepesi wake ndio uliokuwa silaha yake.

Ushauri huo ulibadilisha kila kitu. Alihitimu mwaka 1899 na kujiunga na Mariinsky, na mwaka 1906 akawa mchezaji mkuu.

Bata maji anayekufa

Mtunzi Mikhail Fokine alimtungia dansi fupi ya dakika chache tu, ikimwonyesha bata maji anayepigania pumzi zake za mwisho. Hakuna kuruka wala mbwembwe. Ni mikono inayotetemeka kama mbawa na hatua ndogo ndogo kwa ncha za vidole. Inaelezwa aliicheza takriban mara 4,000.

Hata viatu vyake vilizua mjadala. Nyayo zake zilipinda sana na kumtesa, hivyo aliviongezea ngozi ngumu. Wapo waliosema anafanya udanganyifu. Leo, viatu vigumu vya baleti ni jambo la kawaida.

Aliitoa baleti ikulu

Pavlova angeweza kubaki akilipwa vizuri na kushangiliwa na matajiri. Badala yake, aliunda kundi lake, akahamia London mwaka 1912 na kuzunguka dunia: Marekani, Amerika Kusini, India, Japani, Australia, hadi Misri na Afrika Kusini. Hakuchagua kumbi, alicheza hata kwenye majukwaa ya wachekeshaji na wanasarakasi.

Mbegu zikaota. Mwaka 1917 kijana mmoja alimwona akicheza Lima, Peru. Huyo ni Frederick Ashton, baadaye mmoja wa watunzi wakubwa wa baleti nchini Uingereza. Uday Shankar, aliyekuwa akisomea uchoraji London, alicheza naye na kisha akawa nguzo ya dansi ya kisasa ya India.

Pia alifungua makazi ya yatima wa Kirusi karibu na Paris.

Mwisho wake

Januari 1931, akiwa ziarani, alipatwa na maradhi makali ya kifua mjini The Hague, Uholanzi. Inaelezwa madaktari walimshauri afanyiwe upasuaji ambao ungemzuia kucheza tena. Akakataa. Alifariki Januari 23, ikiwa imebaki chini ya wiki tatu kutimiza miaka 50.

Inasimuliwa kwamba onyesho lililofuata halikuahirishwa. Muziki wa bata maji ulipigwa, na taa ikamulika jukwaa tupu, mahali ambapo angesimama.

Leo Australia na New Zealand bado zinagombania nani alianza kuoka keki yenye jina lake. Lakini urithi wake mkubwa uko kwenye madarasa ya baleti: wembamba na wepesi uliomfanya acheke na wenzake, ndio umbo ambalo watu wengi hulifikiria wakisikia neno baleti.