Somo la Bwana Daud wa Faza

Kwa miaka mingi nimefundisha darasani habari za kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kana kwamba vilikuwa vita baina ya Wakristo na Waislamu, basi. Wanafunzi walinakili, wakafaulu mitihani, nami nikaridhika. Leo nakiri kwamba nilikosea. Aliyenisahihisha ni mtu aliyeaga dunia zamani: Bwana Daud, wa ukoo uliotawala Faza, katika kisiwa cha Pate.

Mji wake ulikuwa na kila sababu ya kuwachukia Wareno. Mwaka wa 1587, baada ya miji kadhaa ya pwani kumkaribisha Mturuki Ali Bey, msafara wa Martim Afonso de Melo ulitoka Goa ukaivamia Faza. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, minazi ikakatwa kwa maelfu. Waliotenda hayo walikuwa Wakristo waliobatizwa. Miaka 40 kabla yake, yaani 1547, Mtaguso wa Trento wa kanisa lao ulikuwa umetamka kwamba imani tupu haitoshi, sharti iandamane na matendo. Imani yao waliitangaza kwa vinywa. Matendo yao Faza iliyaona.

Karne moja baadaye mambo yaligeuka. Uhasama wa Faza na jirani yake Pate uliisukuma Faza upande wa Wareno. Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Omani yalipoizingira ngome, ndani mlikuwa na askari Wareno baina ya 50 na 70, pamoja na mamia ya wenyeji wa pwani. Msaada ulifika Desemba mwaka huo, lakini maradhi ya tauni yakaingia. Kufikia katikati ya 1697 askari wa Kireno walikuwa wamekwisha. Ngome iliyobeba jina la Yesu ikabaki mikononi mwa Mwislamu: Bwana Daud, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Hapakuwa tena na Mreno wa kumzuia asifungue lango. Angeweza kufanya sulhu na kuokoa roho za jamaa zake. Hakufanya hivyo. Alishika ahadi yake kwa marafiki waliokwisha kufa, hata jahazi la Wareno lilipowasili Septemba. Ngome haikuanguka mpaka Desemba 1698.

Najua nitaambiwa kwamba Bwana Daud alisukumwa na siasa, kwa kuwa Pate ilikuwa upande wa Omani. Nakubali. Wala siwasifu Wareno, ambao utawala wao uliwaumiza wengi. Lakini chuki dhidi ya jirani haielezi yote. Mtu anayetafuta faida tu hakai na maiti na njaa akilinda mali ya wasiokuwapo. Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Wakristo tumebishana juu ya imani na matendo tangu Luther alipozusha mjadala wake mwaka wa 1517. Paulo alisisitiza kwamba wokovu haununuliwi kwa matendo. Yakobo akaonya kwamba imani isiyotenda haina uhai. Mimi sioni ugomvi hapo. Mmoja alizungumzia mzizi, mwenzake akazungumzia tunda. Walutheri na Wakatoliki wenyewe walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hili huko Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999.

Mzizi umo ardhini, Mungu pekee ndiye auonaye. Sisi binadamu huliona tunda. Ndiyo maana Yesu, alipoulizwa jirani ni nani, hakumtaja kuhani wala Mlawi, bali Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa na wasikilizaji wake. Simbatizi Bwana Daud kaburini. Dini yake ni yake. Nasema tu kwamba aliyeichoma Faza na aliyeilinda ngome hawawezi kupimwa kwa majina ya dini zao.

Walimu wenzangu, mtakapofika kwenye somo hilo, msiishie kwenye tarehe. Waulizeni wanafunzi: mwaka wa 1587 na mwaka wa 1697, ni nani aliyetenda lililompasa Mkristo? Kisha tujiulize swali hilohilo sisi wenyewe, kabla ya kengele ya Jumapili kulia.